Likizo ya Kutafuta Mate

Micah Kipkemei alipotangaza kwamba anakwenda Kampala na mke wake na mtoto wao, majirani wa landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli pale Nakuru, walianza kumpa pole.

"Pole sana, Karani. Nani ameaga?"

"Hakuna aliyeaga."

"Basi mgonjwa ni nani?"

"Hakuna mgonjwa, bwana! Tunaenda likizo."

"Likizo tumesikia. Lakini huko Kampala mko na nani?"

"Hatuna mtu."

Hapo ndipo walipomwangalia kwa huruma ya kweli. Maana likizo, kwa mtu mwenye akili zake timamu, ni kwenda nyumbani. Unafika kwa mama, unaezeka upya paa la jikoni, unaamua ugomvi wa mpaka ambao uliuamua mwaka jana pia, unarudi kazini umechoka kuliko ulivyoondoka, na watu wote wanasema umepumzika vizuri. Lakini kupanda treni mpaka nchi ya watu, na mtoto wa mgongoni, kwenda kuangalia majumba ya watu usiowajua? Mwaka ule wa 1958 hiyo ilikuwa habari mpya pale landi. Jirani yake Hiram Ngigi, fundi wa breki za mabehewa, hakuificha hasira yake.

"Mimi kwenda hapa Bahati tu kumwona mama yangu naomba ruhusa kwa Serikali, Mkikuyu mimi, kwa ajili ya hii Hali ya Hatari," akasema. "Wewe unavuka nchi kwenda kutembeatembea! Kwani umekosa shida, Kipkemei?"

Ubaya wa Micah ulikuwa mmoja: alikuwa amekaa na Wazungu muda mrefu mno. Mkubwa wake pale stoo ya mizigo ya stesheni alikuwa kila mwaka anafunga masanduku, anachukua mke na katoto kao, anaenda Durban kubadilisha hewa. Akirudi, uso umeiva kama nyanya, anaeleza kila mtu jinsi mtoto alivyofurahia. Micah alizisikiliza habari hizo mwaka baada ya mwaka, akazimeza nzima nzima bila kutafuna. Naye alikuwa mtu wa heshima zake: karani wa kuaminika, mzee wa kanisa angali kijana, mwenye Kizungu cha ofisi kilichonyooka. Reli ilimpa tiketi ya bure ya likizo, yeye na jamaa yake. Kwa nini kila mwaka aende Molo kwa baba yake, akalale jirani na kondoo wa Mzungu mwingine?

"Kwani hewa ya hapa Nakuru ina kasoro gani?" mke wake Chepkurui akamwuliza.

"Haina kasoro. Lakini hewa hubadilishwa."

"Kwa nini?"

Micah hakujua kwa nini. Akamwambia hayo ni mambo ya elimu.

Chepkurui hakubishana. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na maneno machache aliyokuwa nayo hakuyatupa ovyo. Alikunja nguo za mtoto, akafunga blanketi, akajaza kibuyu kikubwa cha mursik, yale maziwa ya kwao ya kugandisha, kwa sababu, mbali na ya titi, Kiprop hakunywa maziwa mengine. Kisha akasema, "Nitakuja. Lakini mtoto hapewi mtu baki kumshika."

Kiprop alikuwa bado hajatimiza miaka miwili. Alikuwa mnene, mashavu yamejaa, mapaja yamekunjika kunjika, na popote alipopita watu walitaka kumfinya. Kabla yake walikuwa na msichana, Chepkemoi, ambaye naye alikuwa mnene vile vile. Siku moja sokoni Nakuru mwanamke mmoja alimsifu Chepkemoi, akasema mtoto huyu kweli amelishwa, halafu akachukua kabichi zake akaenda.

Sasa, kwa watu wa Micah, mtoto hasifiwi hivyo tu. Ukimsifu mtoto wa mtu unamtemea mate kidogo, fuu, utosini au kifuani, ndiyo kusema: sifa zangu hazina ubaya, namtakia mema. Bibi humtemea mjukuu, mjomba humtemea mpwa, na hakuna anayejifuta. Mtu akisifu, halafu akaondoka na mate yake mdomoni, hapo amekuachia kitu. Chepkurui alitaka wamfuate yule mwanamke wa kabichi siku ile ile. Micah akakataa, akasema hilo ni giza la zamani, mtoto ana kifua tu, twende hospitali. Wakaenda hospitali. Chepkemoi akafia huko. Kama ilikuwa kifua au ilikuwa kabichi, Mungu ndiye anajua, lakini tangu hapo Chepkurui hakulitaja jambo hilo, na Micah aliogopa sana kule kutolitaja kwake.

Basi wakasafiri. Mtu yeyote anayedhani treni ni mahali pa kupumzika hajawahi kuingia ndani yake na mtoto anayejua kutembea lakini hajui kusikia. Kufika Rongai, Kiprop alikuwa ameuma benchi. Kufika Maji Mazuri, alikuwa amejitambulisha kwa kila abiria kwa kumpiga kwenye goti. Timboroa, pale juu kwenye baridi, aliichukua kofia mpya ya baba yake, ile iliyonunuliwa kwa ajili ya Kampala peke yake, akaitupa nje ya dirisha, akapiga makofi.

"Anafurahia," akasema Chepkurui.

Micah alichungulia nje ya dirisha. Alikuwa anajaribu kukumbuka kama mkubwa wake aliwahi kusema lolote kuhusu kofia.

Kampala walipanga chumba Nsambya, kwa mama mmoja wa Kibukusu aitwaye Naliaka, mke wa dereva wa treni, mtu mcheshi mwenye sauti ya kuitia ng'ambo ya mto. Naliaka aliwapokea kwa furaha, akauliza nani amefariki, akaelezwa, akashika kiuno akacheka mpaka machozi.

Na Kampala kwenyewe? Micah aliipenda. Tatizo la Kampala ni kwamba ni vilima vitupu, na jambo ambalo Wazungu hawamwambii karani ni kwamba mtoto wa likizo hatembei. Anabebwa. Micah alimbeba Kiprop kilima hiki kwenda juu, kilima kile kwenda chini, akimwonyesha. "Ona maduka, baba! Ona magari!" Kiprop hakutaka maduka wala magari. Kiprop alitaka mtaro. Alipata mtaro mmoja mzuri wenye maji machafu, akachuchumaa hapo akitumbukiza kokoto moja moja, na kila walipomwondoa alilia kana kwamba anachinjwa. Mitaro kama hiyo Nakuru ipo, tena ya bure, karibu na mlango wao.

"Hewa imebadilika kweli," Chepkurui akasema huku akikaza khanga, na Micah hakujua kama anatukanwa.

Asubuhi iliyofuata Micah akaamua wapigwe picha, ili watu wa landi waone kwa macho. Kwa mpiga picha, Mhindi mmoja wa pale mjini, walimkuta mama wa Kiganda ameketi akingoja picha zake. Alikuwa mama wa makamo, amevaa busuti, lile gauni refu la Kiganda, ya hariri ya kijani, na mkao wake ulionyesha kwamba hajawahi kuharakishwa na mtu. Mhindi alipoingiza kichwa kwenye kitambaa cheusi cha kamera yake, Kiprop aliona mtu asiye na kichwa. Akapiga yowe. Micah akambembeleza, wapi. Chepkurui akambembeleza, wapi. Ndipo yule mama akanyoosha mikono, na kabla Chepkurui hajasema neno, Kiprop mwenyewe akajitupa kwake.

Mama yule akamwimbia. Akamtikisa juu ya magoti. Kiprop akanyamaza, akaushika mkufu wake akautia mdomoni, na mama wa watu akacheka kama msichana. Kiswahili hakukijua vizuri, au labda hakupenda kukijua, maana Waganda wakubwa walikiona ni lugha ya askari na wapagazi. Akazungumza na Micah kwa Kizungu. Micah akavimba kichwa.

"Anasema nini?" Chepkurui akauliza.

Hapa mwanaume mwenye busara angesema, "Anasalimu." Lakini wapi! Micah alikuwa kwenye likizo yake, anaongea Kizungu na mke wa mtu mkubwa, na mwanawe anasifiwa. Akatafsiri yote. "Anasema Kiprop ni mzuri ajabu! Anasema hajaona mtoto mnene kama huyu, na macho kama haya. Anasema laiti angekuwa wake."

Chepkurui akakauka. Akasimama palepale akiuangalia mdomo wa yule mama, akingoja. Mama akambusu Kiprop shavuni, akamrudisha, akachukua bahasha yake ya picha, akaaga kwa adabu, akaenda zake. Hakutema.

Picha ikapigwa. Mchana wake Micah alinunua fenesi, tunda ambalo Nakuru hakuna, akamlisha Kiprop vipande vingi sana wakati mama yake anafua, kwa sababu mtoto alilipenda na baba alitaka sana kuona mtu mmoja katika jamaa hii akiifurahia likizo. Jioni Kiprop akatapika. Asubuhi alikuwa moto, anaharisha, anakataa kunyonya, anakataa mursik, anakataa maji.

Wakampeleka zahanati. Mganga akampima, akasema ni tumbo tu, akawapa dawa kwenye chupa, akasema anyweshwe maji kwa wingi. Dawa iliingia na kutoka. Maji yaliingia na kutoka. Kesho yake macho ya Kiprop yalikuwa yamedidimia, yale mashavu ya kufinywa yamelegea, na hakulia tena. Mtoto ambaye alikuwa ameuma benchi la reli alilala tu kwenye mkeka, akiangalia ukuta.

Chepkurui akasimama. "Mtafute yule mama," akasema.

"Chepkurui..."

"Mtafute amtemee mtoto."

"Mimi ni mzee wa kanisa! Niende kwa mke wa watu, kwenye mji wa watu, nimwambie nini? Dawa tumepewa. Tungoje dawa ifanye kazi."

"Mara ile nilikusikiliza," Chepkurui akasema.

Hakupaza sauti. Hata hakumtazama alipoyasema, alikuwa anamfunga mtoto mgongoni. Lakini Micah akaanza kuvaa viatu. Alikuwa na fenesi yake moyoni, ambalo hakuwa amemwambia mtu, na tangu jana alikuwa anajiambia kwamba ni fenesi, ni fenesi tu, fenesi haliui mtu. Sasa hakuwa na hakika ya kitu chochote. Aliogopa kuingia mjini na kuchekwa, na aliogopa zaidi kurudi Nakuru na blanketi tupu.

Akamwuliza Naliaka. Kumbe Naliaka alimjua mama mwenye busuti ya kijani aliyependa kwenda kwa mpiga picha yule.

"Huyo ni Damali. Mume wake ni mkubwa huko Mengo, kwenye serikali ya mfalme wao. Nyumba iko nyuma ya kanisa kuu la Namirembe, ina uzio wa maua mekundu. Maskini, ameolewa zamani na hana mtoto hata wa dawa." Kisha, aliposikia wanachokwenda kutaka, Naliaka akashika mdomo. "Ayayaya! Karani, hapa mtu akitemewa mate ni matusi makubwa. Utafungwa! Basi angalau mwite nyabo, ndiyo heshima yao. Na upige magoti."

Wakaenda kwa miguu. Na njiani, tazama mambo, waliona kila kitu ambacho Micah alikuwa amepanga kuwaonyesha. Walipita chini ya kilima cha jumba la mfalme, walipanda Namirembe, wakaliona kanisa kuu lenyewe na kuba lake, wakaona mji wote umetandazwa chini na maji ya ziwa yanang'aa kwa mbali. Mpita njia aliyewaona angesema, hawa kweli wako likizo. Micah hakuona hata kimoja. Alikuwa anasikiliza pumzi za mtoto mgongoni mwa mke wake, na kila zilipokawia alisimama.

Damali aliwapokea barazani. Alifurahi, kisha akamwona mtoto, na furaha ikamtoka usoni. Akanyoosha mikono kama siku ile. Chepkurui akarudi nyuma hatua moja, na Damali akaiona hatua hiyo, akaishusha mikono yake polepole. Mikeka ikatandikwa. Salamu zikaanza, na salamu za Waganda hazikatizwi: habari za nyumbani, habari za huko mtokako, asanteni kwa kuja, asanteni kwa kazi, mm, mm, mm. Chai ikaletwa. Micah akanywa ikamchoma ulimi. Chepkurui hakugusa kikombe chake.

"Nyabo," Micah akaanza kwa Kizungu, akakwama. Kwa miaka yote ya kazi alikuwa ameandika Kizungu cha magunia ya pareto, Kizungu cha mabehewa yaliyochelewa, Kizungu cha kumwomba Mzungu msamaha. Neno la kutema mate alilijua kutoka kibao kimoja tu cha stesheni, na kibao chenyewe kilikuwa kinakataza. Akakohoa. "Nyabo, tafadhali, nakuomba umtemee mwanangu mate."

Damali akaweka kikombe chini. "Umesema nini?"

Akarudia. Jasho lilikuwa linamtiririka.

"Nimtemee mate? Mtoto? Hapa tunamtemea mate mwizi!"

Micah akaeleza. Aliyachanganya, akarudi nyuma, akaanza upya: kwamba kwao mtoto akisifiwa hutemewa, kwamba asipotemewa sifa humkalia vibaya, kwamba siku ile kwa mpiga picha alisifiwa, na jioni yake akaugua. Alipofika hapo akasikia mwenyewe kile alichokuwa anasema, lakini alikuwa ameshakisema.

Damali alimtazama mtoto mgongoni mwa Chepkurui. Kisha akasema, "Mnafikiri ni mimi niliyemfanya hivi. Kwa sababu mmeambiwa sina wangu."

Micah akainamisha kichwa.

"Si nyinyi tu," Damali akasema. "Hata hapa kwetu ni hivyo hivyo. Nikiingia kwenye harusi, mama wanawafunika watoto. Wanatabasamu, wananipa kiti kizuri, na wanawafunika. Dada yangu mwenyewe alijifungua, akanikawiza mpaka mtoto akaota meno ndipo akanionyesha. Siku ile kwa Mhindi nilifurahi. Nikasema, hawa ni wageni, hawanijui, wameniachia mtoto nimpakate. Nilikuja nyumbani nikamwambia mume wangu, leo nimepakata mtoto. Sasa mmetembea kutoka Nsambya na mtoto mgonjwa kuja kuniambia hata nyinyi mnaniogopa."

Machozi hayakumtoka. Afadhali yangemtoka, Micah aliwaza, maana hakujua aweke wapi macho yake.

"Anasema nini?" Chepkurui akauliza.

Micah alitamani sana kusema, "Anasalimu." Lakini akatafsiri. Akatafsiri yote, harusi, dada, Mhindi, mume, hakuacha hata kimoja.

Chepkurui alimtazama Damali kwa muda mrefu. Kisha akafungua khanga, akamshusha Kiprop mgongoni, akaenda akamlaza kwenye mapaja ya yule mama, juu ya busuti, na mtoto alikuwa anaharisha. Akachuchumaa mbele yake.

"Mwambie namwomba," akamwambia mumewe, bila kuondoa macho kwa Damali. "Mwambie kwetu bibi yangu alinitemea mate kila asubuhi mpaka nikaolewa. Asiyempenda mtoto hata akitema ni maji tu. Mwambie nilikuja kwa uoga, sasa namwomba kwa sababu alimpenda."

Damali aliposikia hayo akafunika uso kwa kiganja. Alipokiondoa, akajaribu. Na hapo tena pakawa na shida, kwa sababu alikuwa mke wa mkubwa, amelelewa kwa adabu, hajatema mate tangu utoto wake. Alikunja mdomo akatoa hewa tupu. Akajaribu tena, hewa tena. Chepkurui akamwonyesha: fuu! Msichana wa kazi aliyekuwa mlangoni akasema banange! akakimbilia jikoni. Damali akakaza midomo, akafumba macho, akatema.

Yalikuwa mengi. Kwa mara ya kwanza mtu hajui kipimo. Yalimwangukia Kiprop utosini yakamtiririkia usoni, na Kiprop, ambaye tangu asubuhi hakuwa ameangalia kitu ila ukuta, alifumbua macho, akakunja uso kwa hasira, akampiga Damali kofi la kidevu. Kisha akaanza kulia. Kilikuwa kilio kibovu, kimekauka, lakini kilikuwa chake kile kile cha mtaroni. Chepkurui akaenda kumchukua, kumbe mtoto anakitaka kikombe. Damali akampa chai ya Micah iliyokuwa imepoa, kijiko baada ya kijiko, wote watatu wakiangalia tumbo lake kama watu wanaongoja treni. Ilikaa. Akanywa tena, ikakaa. Akapitiwa na usingizi kwenye mapaja yale, mdomo wazi, na alipoguswa shingoni jasho lilikuwa limeanza kumtoka.

Watu wa dawa watasema ni dawa ya zahanati iliyofika. Micah mwenyewe angesema fenesi lilikuwa limekwisha kutoka lote. Barazani pale hakuna aliyeuliza, na Micah, ambaye kazi yake kanisani ilikuwa kuuliza maswali kama hayo, hakuthubutu.

Damali akamlaza mtoto taratibu kwenye mkeka, akamfunika. Halafu akafanya jambo ambalo Micah hakulitegemea. Alipiga magoti mbele ya Chepkurui, yeye mwenye nyumba, na hariri yake, akainama.

"Mwulize," akamwambia Micah, "yeye akinitemea mimi, inafaa? Au ni ya watoto tu?"

Micah akatafsiri kwa sauti ya chini.

Chepkurui akamsogelea. Alikuwa amepanda vilima vile vyote akimwogopa mwanamke huyu. Njia nzima alikuwa amemwita moyoni jina baya, lile asilomtamkia mtu. Akafungua mdomo. Mate hayakuja. Akajaribu tena, mdomo mkavu kabisa. Ndipo akanyoosha mkono, akachukua kile kikombe chake ambacho hakuwa amekigusa, chai imekuwa baridi na utando juu, akainywa yote mpaka chini.

Akamtemea Damali utosini, akamtemea kifuani, kisha akaweka mkono juu ya tumbo lake akatema hapo pia, akisema maneno ya kwao, kwamba nyumba hii ijae kelele, kwamba mitaro ya hapa ikose nafasi kwa watoto wake, kwamba wamtupie kofia zake zote. Damali hakujifuta. Akageuza uso wake uliolowa kwa Micah.

"Anasema nini?" akauliza.

Micah akatafuta Kizungu chake, kile kilichonyooka, akakikosa. Alikuwa amekaa tu, machozi yanashuka, mwanaume mzima, barazani kwa watu.

"Na wewe," Chepkurui akamwambia mumewe, "mbona umekaa? Njoo uteme."

Mzee wa kanisa akapiga magoti, akatema.